Afisa wa polisi anapojeruhiwa kazini, mbona aisake fidia mahakamani?

AFISA wa polisi anayepigwa risasi akiwa kazini hukimbizwa hospitalini kwa ndege, wakuu wake humtembelea mbele ya kamera, na jina la kituo chake husomwa katika taarifa ya habari ya jioni. Miezi kadhaa baadaye, baada ya mguu kukatwa au mkono kukataa kuinuka, afisa yuyo huyo huanza safari nyingine isiyokuwa na kamera. Hutoka kituoni hadi makao makuu, makao makuu hadi kwa kampuni ya bima, na kutoka huko hadi kwa daktari wa serikali. Kila afikapo huambiwa kwamba faili haijafika, au ilishapita. Kwa walio na subira na nauli, safari hiyo huishia mahakamani.

Huko nako hukutana na ajabu nyingine. Mara nyingi hakuna anayebisha kwamba aliumia. Kovu linaonekana na gongo linaonekana. Kinachobishaniwa ni iwapo yeye ni mwajiriwa kwa maana ya sheria, iwapo kilichompata kinaweza kuitwa ajali, iwapo aliripoti kwa wakati, na iwapo amebisha hodi katika mlango unaofaa. Jeraha huwekwa kando, na mjadala wote ukawa ni wa milango.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni sheria mbili zilizopitishwa na Bunge la Tisa katika mwaka mmoja, 2007. Ya kwanza ni Sheria ya Ajira. Kifungu chake cha tatu kinasema waziwazi kwamba sheria hiyo haiwahusu wanajeshi, polisi, maafisa wa magereza wala wale wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Ya pili ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ambayo wengi huiita WIBA. Kifungu cha tatu cha sheria hii nacho kinasema kwamba itawahusu waajiriwa wote, wakiwemo wa serikali, kana kwamba serikali ni mwajiri wa kibinafsi. Waliotengwa humo ni wanajeshi pekee. Polisi hakutajwa.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Bunge lilipotaka kumtenga polisi lilijua namna ya kuandika hivyo, na lilifanya hivyo katika Sheria ya Ajira na tena katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka uo huo, inayosimamia vyama vya wafanyakazi. Katika sheria ya fidia halikufanya hivyo. Kwa hivyo anayedai kwamba polisi si mfanyakazi kama wengine husema kweli kuhusu migomo na vyama, lakini hasemi kweli kuhusu mfupa uliovunjika.

Na hasa kwa kuwa polisi hana chama, sheria hii ina uzito zaidi kwake kuliko kwa mwingine yeyote. Mwalimu ana KNUT na daktari ana KMPDU. Konstebo ana mkubwa wake, ambaye ndiye aliyemtuma alikoumia, ndiye msimamizi wa kitabu cha matukio ambamo tukio linapaswa kuandikwa, na ndiye anayetarajiwa kuanzisha taarifa ya kumfikia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Taarifa hiyo isipotoka, hakuna katibu mkuu wa kuitisha kikao na wanahabari.

Roho ya WIBA ni kwamba haiulizi nani alikosa. Mwajiriwa aliyepata ajali iliyotokana na kazi yake akalemaa, au wategemezi wa aliyefariki, wanastahili kulipwa bila ya kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Ulemavu ukiwa wa kudumu, hesabu hufanywa juu ya mapato ya miezi 96, kwa kuzingatia viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na waziri, kisha huchukuliwa asilimia ya ulemavu iliyopimwa na daktari. Chukulia konstebo mwenye mapato ya Sh40,000 kwa mwezi ambaye amepatikana na ulemavu wa asilimia 40. Mapato ya miezi 96 ni Sh3,840,000, na asilimia 40 ya kiasi hicho ni Sh1,536,000. Huo si utajiri. Lakini ndio unaotofautisha baina ya kufungua duka la rejareja nyumbani na kuishi kwa hisani ya ndugu.

Nje ya sheria hiyo hali ni ngumu zaidi. Afisa aliyeshtaki kwa njia ya kawaida ya madai alilazimika kuonyesha uzembe wa serikali: kwamba alipelekwa bila fulana ya kuzuia risasi, au kwamba lori lililombeba lilikuwa bovu na wakuu walijua. Serikali nayo ina jibu ambalo ni la zamani kuliko polisi wenyewe, kwamba aliyekula kiapo alizikubali hatari za kazi. Hoja hii humvutia asiyeifahamu kazi. Mnamo Novemba 2012 maafisa zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipovamiwa wakifuatilia mifugo walioibwa. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, wengi wao walikuwa wangali wachanga kazini. Mtu anaweza kusema kwamba waliikubali hatari ya kukabiliana na wezi wa mifugo. Ni vigumu kusema kwamba walikubali pia kupelekwa katika bonde wasilolifahamu, dhidi ya watu walioijua kila njia.

Je, kuvamiwa na kupigwa risasi ni ajali? Swali hili linaweza kuonekana la mzaha, lakini lina historia ndefu mahakamani. WIBA hutumia neno ajali, na ajali katika lugha ya kila siku ni jambo lisilokusudiwa. Anayevizia kando ya barabara na bunduki amekusudia. Mawakili wa waajiri walilitambua pengo hili zaidi ya karne moja iliyopita. Katika mji wa Trim nchini Ireland, mwalimu wa shule ya mafunzo ya kazi alishambuliwa na wanafunzi waliokuwa wamepanga njama, akafa. Mama yake alidai fidia chini ya sheria ya wafanyakazi ya Uingereza ya wakati huo. Mwajiri akajibu kwamba mauaji ya kupangwa hayawezi kuwa ajali. Mwaka wa 1914 Baraza la Malords, wajumbe wanne dhidi ya watatu, liliamua kwamba ni ajali. Tukio hupimwa kwa jicho la aliyepatwa nalo, ambaye hakulikusudia wala kulitarajia, na kazi yake ilikuwa imemweka mahali ambapo jambo kama hilo lingeweza kumfika.

Sheria za Kenya kuhusu majeraha ya kazini zina asili katika mapokeo hayo ya Kiingereza, na hakuna sababu ya msingi ya kumpa konstebo wa Lamu ulinzi mdogo kuliko ule aliopewa mwalimu wa Trim. Iwapo bomu lililotegwa barabarani halimpati afisa kwa sababu ya kazi yake, basi ni vigumu kujua ni kitu gani kinachompata kwa sababu ya kazi yake.

Mahali ambapo madai mengi yanaweza kufia, hata hivyo, si penye hoja hizi nzito. Ni penye kalenda. Sheria inasema haki ya kulipwa hutoweka iwapo ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, na dai lenyewe linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya tukio. Afisa aliyevunjika nyonga anaweza kumaliza nusu ya muda huo kitandani. Anayesubiri upasuaji wa pili kabla ya kupimwa asilimia ya ulemavu huambiwa avute subira, na huku anavuta subira saa inakwenda.

Ila sheria iyo hiyo ina dawa ambayo haitajwi sana. Inasema kwamba kutoripoti hakumzuii mtu kulipwa iwapo itathibitishwa kuwa mwajiri alipata habari za ajali kwa njia nyingine yoyote. Na ni mwajiri gani aliye na habari nyingi za majeraha ya watu wake kuliko polisi? Kuna kitabu cha matukio, kuna orodha ya waliopangwa kazi siku hiyo, kuna mawasiliano ya redio, kuna hati ya gari lililotoka, na mara nyingi kuna taarifa iliyotolewa kwa wanahabari kabla ya jua kutua. Mwajiri mwenyewe anatakiwa kumjulisha Mkurugenzi ndani ya siku saba, au saa 24 iwapo mtu amefariki. Inapotokea kwamba idara iliyotangaza jeraha redioni inajitetea kwamba haikuarifiwa rasmi, jaji ana kila sababu ya kuuliza kitabu cha matukio kiko wapi.

Ushahidi wote huo umo mikononi mwa upande unaodaiwa. Afisa mgonjwa, pengine aliyekwisha kustaafishwa kwa sababu za kiafya, ndiye anayetakiwa kuuleta. Tangu 2016 kuna Sheria ya Kupata Habari, inayoitaka ofisi ya umma kujibu ombi la mwananchi ndani ya siku 21, na polisi aliyejeruhiwa ni mwananchi. Wakili mwerevu huandika barua hiyo kwanza, kabla ya kuandika hati ya mashtaka.

Kisha kuna suala la mlango wenyewe, ambalo limewachosha mawakili na kuwaumiza wateja wao kwa zaidi ya mwongo mmoja. WIBA ilianza kutumika Juni 2008. Kifungu cha 16 kilimzuia mwajiriwa kumshtaki mwajiri wake kwa jeraha la kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Dai lilipaswa kuanzia kwa Mkurugenzi. Chama cha Mawakili nchini kilikwenda Mahakama Kuu, na mnamo Machi 4, 2009, Jaji Jackton Ojwang akavifutilia mbali vifungu kadhaa, kikiwemo hicho, kwa kukiuka katiba ya wakati huo. Kwa miaka minane iliyofuata waliojeruhiwa kazini walishauriwa waende kortini moja kwa moja, nao wakaenda.

Mnamo Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo, ikavirejesha karibu vifungu vyote. Mahakama ya Juu ikaunga mkono msimamo huo mnamo Desemba 3, 2019. Kwa maneno mengine, aliyefuata ushauri halali wa mwaka wa 2010 alijikuta mwaka wa 2020 akiambiwa kwamba mahakama iliyomsikiliza haikuwa na mamlaka. Baadhi ya kesi zilitupwa zikiwa zimebakia hukumu tu. Ilibidi Jaji Mkuu Martha Koome atoe mwongozo mnamo Aprili 2023 kwamba kesi zilizowasilishwa kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ziendelee zilipo hadi zikamilike. Kwa waliokwisha kufukuzwa, na ambao miezi yao 12 ilikuwa imeyeyuka zamani, mwongozo huo ulikuja mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Mlango wa leo, basi, ni wa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake. Yeye hutakiwa kujibu ndani ya siku 14. Na asiyeridhika na jibu hukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30. Anayeruka ngazi hizi hurudishwa chini. Kuna njia moja tu ya pembeni iliyo wazi. Iwapo aliyesababisha jeraha ni mtu mwingine asiye mwajiri, kama vile dereva mlevi aliyemgonga afisa wa trafiki kizuizini, afisa anaweza kudai fidia ya WIBA na papo hapo kumshtaki dereva huyo, ingawa mahakama itazingatia kilichokwisha kulipwa.

Utaratibu huo una maana iwapo Mkurugenzi anatoa uamuzi. Ugumu ni pale ambapo hakuna uamuzi, bali kimya. Afisa hawezi kukata rufaa dhidi ya kimya kwa urahisi. Wala hawezi kujua kwa yakini ni nani aliyenyamaza. Ni Inspekta Mkuu? Ni Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi? Ni wizara? Mvutano baina ya Tume na Inspekta Mkuu kuhusu nani mwenye mamlaka juu ya maafisa ulifika mahakamani mwaka wa 2025, pale usajili wa makurutu ulipogombaniwa. Iwapo mafahali hao wenyewe hawajakubaliana nani anaajiri, haishangazi kwamba hati za mashtaka za maafisa waliojeruhiwa huwataja wote kwa pamoja, na Mwanasheria Mkuu juu yao.

Bima ilitarajiwa kukata kiu hiyo. Serikali ilianza kuwanunulia polisi bima za pamoja za matibabu, maisha na ajali, na kwa karatasi jambo hilo lilikuwa hatua kubwa. Lakini bima ni mkataba baina ya serikali na kampuni. Serikali inapochelewesha ada, kampuni husita kulipa, na afisa ambaye hakutia saini popote ndiye anayerushwa danadana. Kamati za Bunge zimewahi kuelezwa kuhusu madai ya aina hii yaliyokwama. Aidha, WIBA haisemi kwamba mwajiri ataepuka deni kwa kuwa bima yake imekwama. Aliyepaswa kulipa ni mwajiri. Bima ni mfuko wake wa kutolea tu.

Kuna pia Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, yenye malipo yake kwa mtumishi wa umma anayestaafu kwa sababu ya jeraha. Pensheni, bima na WIBA ni vyungu vitatu vilivyotekwa kutoka visima mbalimbali, na maafisa wengi hawaelezwi ni kipi walichopewa na ni kipi walichonyimwa. Barua fupi ya kukataa, ya sentensi mbili, haisaidii. Hapa ndipo Katiba ya 2010 ilipobadilisha mchezo. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya umma unapomdhuru, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 ikaongeza makali: ofisi isipotoa sababu ilipoombwa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu njema, hadi ithibitishwe vinginevyo. Huu ni upanga ambao walalamishi wengi huuacha alani. Wanakimbilia kuthibitisha maumivu yao, wakati ambapo kingewafaa zaidi kuitaka ofisi ijieleze.

Tuseme basi afisa ameshinda. Mkurugenzi amekokotoa, au jaji ameamua. Je, amelipwa? WIBA inampa mwajiri siku 90 za kulipa dai lililowasilishwa kwake, lakini haikuweka wazi namna ya kumshurutisha anayekaidi, na majaji kadhaa wa Mahakama ya Ajira wamelazimika kuijaza nafasi hiyo kwa kuipa tuzo ya Mkurugenzi nguvu ya hukumu. Mwajiri wa kibinafsi akikaidi hukumu, madalali hubisha hodi. Serikali haiuziwi gari. Kwa miaka mingi Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, imekuwa ikizuia mali ya umma kunadiwa, na aliyeshinda amelazimika kuchukua cheti cha deni, kukipeleka wizarani, kungoja, na akichoka kungoja kurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha katibu wa wizara alipe. Hiyo ni kesi ya pili juu ya deni la kesi ya kwanza.

Wapo watakaouliza kwa nini mwananchi ajali. Polisi wa Kenya hawana marafiki wengi, na sababu zinajulikana. Maandamano ya Juni 2024 yaliacha vijana wamekufa kwa risasi na familia zinazosubiri haki hadi leo. Katika nyumba kama hizo, habari za konstebo aliyenyimwa fidia hazitaamsha huruma. Hata hivyo, wahenga walisema mgala muue na haki umpe, na kuna mantiki katika hili inayozidi huruma. Mwanasheria Mkuu ndiye anayesimama upande wa serikali pale raia anapodai fidia kwa kuumizwa na polisi, na ni yeye anayesimama upande uo huo pale polisi anapodai fidia kwa kuumia kazini. Raia na konstebo hao wawili, ambao pengine walikutana barabarani mmoja ameshika rungu na mwingine ameshika bango, hukutana tena katika foleni moja ya wenye vyeti vya madeni visivyolipwa.

Afisa anayejua kwamba akiumia atatupwa hubadilika. Anaweza kukataa kwa chinichini kwenda mahali penye hatari. Anaweza pia kufyatua risasi mapema, kwa kuwa mwili wake ndio bima pekee aliyo nayo. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililowasilisha ripoti yake kwa Rais William Ruto mnamo Novemba 2023, lilitazama maslahi ya polisi kwa mapana yake, na nyongeza ya mishahara ndiyo iliyonyakua vichwa vya habari. Mshahara hulipwa kwa walio kazini. Aliyelemaa keshatoka katika orodha hiyo, na pengine ndiyo sababu sauti yake haisikiki nyongeza zinapojadiliwa.

Lipo jeraha ambalo hata mlango wake haujachongwa vizuri. Afisa aliyeokota maiti za wenzake hawezi kuonyesha gongo. Halali usingizi, hushtuka mlango unapogongwa, huanza kunywa, na siku moja hufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa ulevi. Jedwali la WIBA la magonjwa yatokanayo na kazi limetawaliwa na sumu za viwandani na mavumbi ya machimboni. Liliandikwa kwa kumfikiria mfanyakazi wa kiwanda. Anayedai kwamba kazi imemuumiza akili huwa na mlima wa kupanda, na anaupanda bila ramani.

England na Wales, ambako kanuni za fidia ya polisi waliojeruhiwa ziliandikwa upya mwaka wa 2006, jeraha limefasiriwa kuwa la mwili au la akili. Daktari aliyeteuliwa hupima kwa kiasi gani uwezo wa afisa wa kujipatia riziki umepungua, na kumweka katika mojawapo ya ngazi nne: hadi asilimia 25, hadi 50, hadi 75, na zaidi ya hapo. Asiyeridhika huenda mbele ya bodi ya madaktari, si mbele ya mkubwa wake. Mfumo huo una vita vyake vingi mahakamani, hasa pale maafisa wastaafu wanapopimwa upya na kupunguziwa, na si wa kuigwa kwa macho yaliyofumbwa. Lakini vita hivyo huhusu jeraha lenyewe: ni kubwa kiasi gani, lilisababishwa na nini, limepona au halijapona. Mtu anajua anapigania nini.

Kenya imekwisha kuongeza swali jipya juu ya yale ya zamani. Kundi la kwanza la polisi wake lilitua Port-au-Prince, Haiti, mnamo Juni 25, 2024, katika kikosi kilichoidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Oktoba 2023 lakini kisichokuwa cha Umoja huo. Mnamo Februari 2025 afisa wa kwanza wa Kenya aliuawa huko, na wengine wamejeruhiwa. Septemba 2025 Baraza hilo liliidhinisha kikosi kingine cha kukabiliana na magenge kichukue nafasi ya kile cha awali. WIBA ina kifungu kinachogusa ajali zinazompata nje ya nchi mwajiriwa wa Kenya aliyepelekwa huko kwa muda, na kwa mtazamo wa kwanza konstebo aliyepigwa risasi Haiti anaingia humo sawasawa na aliyepigwa risasi Kapedo.

Ila kitabu cha matukio cha siku hiyo kiko kambini ng'ambo ya bahari, daktari wa kwanza aliyemtibu yuko nchi nyingine, na mkuu aliyetoa amri alikuwa akitumikia kikosi ambacho jina lake limekwisha kubadilika. Na miezi 12 ya dai lake ilianza kuhesabiwa siku ile alipoumia, si siku ambayo ndege iliyomrudisha ilitua Nairobi.